Sokoke: paka wa pwani anayesingiziwa kuwa mtoto wa chui

Kuna picha ambayo kila baada ya miezi michache huzunguka upya kwenye simu za watu. Paka mwembamba mwenye miguu mirefu, mwili umechorwa mabaka ya kahawia na nyeusi, amekaa juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Maneno ya chini yake hutegemea aliyeituma. Mmoja ataandika kuwa huyu ni chotara wa chui na paka wa nyumbani. Mwingine atasema ni mnyama wa mwituni, amebaki mmoja mmoja ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Wa tatu hutaja bei kwa dola na kuuliza nani wa Kilifi au Malindi anaweza kumtafutia. Halafu swali hutufikia sisi tunaojulikana kwa kupenda paka. Mimi nimeulizwa na shemeji yangu, nimeulizwa na mwalimu wa sekondari, na kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kusimama njiani anionyeshe picha ya paka wa mama yake: je, huyu ni Sokoke?

Swali ni zuri, ila huwezi kulijibu kwa ndiyo au hapana kabla ya kutenganisha maneno ambayo watu huyakoroga pamoja.

Tuanze na spishi. Hii ni jamii ya viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe na watoto wao nao wakazaa bila shida. Chui ni spishi, duma ni spishi, mondo, yule paka wa nyika mwenye masikio makubwa na miguu mirefu, ni spishi. Paka wa nyumbani ni spishi moja dunia nzima, awe yule anayengoja vichwa vya samaki Forodhani au yule wa manyoya marefu anayechanwa kila asubuhi huko Ufaransa.

Mbegu iko ndani ya spishi. Mfugaji akisema ng'ombe wake ni wa mbegu ya Friesian na wa jirani ni wa kienyeji, hakuna anayedhani mmojawapo si ng'ombe. Mbegu huwa na mambo mawili: wanyama wanaofanana kizazi baada ya kizazi, na daftari. Daftari hilo hutunzwa na chama cha wafugaji, nalo huandika baba ni nani, mama ni nani, bibi na babu ni akina nani. Sokoke ni mbegu ya paka wa nyumbani. Hilo neno daftari tutalirudia, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imekaa hapo.

Chotara ni mtoto wa spishi mbili tofauti, kama baghala anavyozaliwa na punda na farasi.

Na shume ni paka wa nyumbani aliyeacha nyumba, au aliyezaliwa nje na kukulia vichakani. Anawaogopa watu, anajitafutia, pengine anakutisha kwa macho yake usiku. Damu yake lakini ni ya nyumbani. Mnyama wa mwituni kwa asili ni yule tunayemwita paka pori, au kimburu kwa Kiswahili cha zamani, na huyo hakuwahi kuwa na bwana. Wawili hao ni ndugu wa karibu sana: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa upande wa Mashariki ya Kati, na katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la binadamu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Undugu huo hauwafanyi kuwa kitu kimoja. Shume anayezurura pembezoni mwa msitu ni shume, hata akizurura miaka kumi.

Sasa tumtazame Sokoke mwenyewe.

Ni paka wa wastani, wengi wao wana uzito wa kilo 3 hadi 5. Mwili ni mwembamba lakini umejaa misuli, kichwa kinaonekana kidogo ukikilinganisha na mwili, masikio yamesimama, macho ni ya rangi ya kaharabu au kijani hafifu. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na hiyo ndiyo inampa ule mwendo wake wa kunyata, kama anayekanyaga mchanga wa saa saba mchana. Manyoya ni mafupi, yamelala, na chini yake karibu hakuna ile sufi laini inayowakinga paka wa nchi za baridi.

Nakshi yake haielezeki vizuri kwa picha ya simu. Mwaka juzi, nyuma ya nyumba moja karibu na Gede, nilikaa zaidi ya nusu saa nikimwangalia paka jike aliyelala juu ya rundo la makumbi ya nazi. Kwa hatua kumi ningeapa kuwa ana madoa. Nilipopiga magoti karibu naye, madoa yakageuka kitu kingine kabisa. Ubavuni alikuwa na duara kubwa lenye kiini katikati, kama dole gumba lililobonyezwa kwenye udongo mbichi. Kuzunguka duara hilo kulikuwa na mikondo mipana iliyopinda, mfano wa mistari unayoiona ndani ya ubao wa mvule uliopigwa randa. Na ile mikondo haikuwa nyeusi tii. Kingo zilikuwa nzito, katikati kumefifia na kuchanganyika na vinyweleo vya kahawia. Alipoinama kujilamba, jicho langu likampoteza, nikabaki na makumbi tu.

Mwenye nyumba alimwita khadzonzo. Ndilo jina ambalo Wagiriama wamempa paka wa namna hii tangu zamani, na huelezwa kuwa linamlinganisha na gome la mti. Baada ya kumwona yule wa Gede naona waliotoa jina hilo walimtazama kwa makini kuliko wote waliokuja baadaye na kumwita chui.

Kwa hiyo madoa ya Sokoke si madoa. Ni mabaka ya mviringo yaliyofifia katikati, na ukiyaona kwa mbali jicho linayakamilisha kuwa madoa. Kama umewahi kuona mkono wa bibi harusi wiki mbili baada ya sherehe, utaelewa. Piko ilikuwa nyeusi siku ya kwanza. Sasa imeanza kutoka, kingo za maua bado zinaonekana, ndani ya maua ngozi imeanza kuchungulia. Hivyo ndivyo alivyo Sokoke, ila kwake yeye haifutiki.

Je, nani aliyechora?

Chukua unywele mmoja wa paka mwenye milia uliobaki kwenye nguo yako, uweke kwenye karatasi nyeupe. Utaona una pingili kama mua: kipande cheusi, kipande cha manjano, kipande cheusi tena. Sehemu za mwili zilizopauka zimejaa nywele za pingili. Sehemu za milia zina nywele zilizokolea karibu urefu wote. Jeni, yaani maelekezo tunayorithi kwa wazazi, huamua nywele zipi zikolee na zipi ziwe na pingili, na huamua hayo paka akiwa bado tumboni.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha ugunduzi wa jeni moja, wakaiita Taqpep, inayosimamia umbo la milia hiyo. Ikiwa nzima, paka huwa na milia myembamba inayoshuka ubavuni kama miiba ya samaki. Ikiwa na hitilafu, milia hupanuka, hupinda, huungana na kuwa mabaka. Ila hitilafu hiyo lazima irithiwe kutoka pande zote mbili. Ni kama kundi la damu O: baba aweza kuwa A, mama B, wakampata mtoto wa O kwa kuwa kila mmoja alikuwa amebeba O bila kuionyesha. Ndivyo paka wawili wa milia ya kawaida wanavyoweza kumzaa wa mabaka, majirani wakaanza kuuliza baba ni nani.

Kwa Sokoke kuna nyongeza. Kwa paka wengine wa mabaka, ndani ya baka kumekolea kote. Kwake yeye nywele za pingili zimeingia hata ndani ya mabaka, na zinaendelea mpaka mkiani. Majaji wa maonyesho ya paka humtambua kwa hilo kabla ya jingine lolote.

Hapa naomba tumwache Sokoke kidogo tumfuate duma, kwa sababu kosa wanalofanyiwa ni moja. Mwaka 1926, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ngozi ya duma wa ajabu iliwafikia wataalamu. Badala ya madoa madogo ya mviringo alikuwa na mabaka makubwa yaliyoungana na mistari mizito mgongoni. Wakasema ni chotara wa duma na chui. Mwaka uliofuata mwanasayansi wa Uingereza, Reginald Pocock, akamtangaza kuwa spishi mpya, na jina la duma mfalme likashika. Watu wakabaki na hizo dhana mbili kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1981, katika kituo cha kuzalisha duma cha De Wildt, Afrika Kusini, duma mfalme akazaliwa na wazazi wa madoa ya kawaida kabisa. Hakukuwa na chui aliyeruka ukuta. Na ule utafiti wa 2012 ulipofika kwenye damu ya duma mfalme, ulikuta hitilafu iko kwenye jeni ileile ya Taqpep. Jeni iliyopanua madoa ya duma ndiyo iliyopindisha milia ya paka wa mabaka, akiwemo huyu wa Gede.

Tazama basi jinsi akili yetu inavyofanya kazi. Tukiona vazi geni, tunamtafutia mnyama baba wa nje.

Chui na paka wa nyumbani hawapati mtoto. Tuache kwanza ukubwa, kwamba chui dume huweza kupita kilo 60 na paka ni kitoweo chake cha mara moja. Koo zao ziliachana yapata miaka milioni 10 iliyopita. Wapo wanaojibu kuwa wote wawili wana kromosomu 38, yaani vifurushi vya jeni ndani ya seli, nami nimeshaletewa hoja hiyo. Ni kweli wanazo 38. Lakini nyumba mbili zinaweza kuwa na vyumba sawa kwa idadi na ufunguo wa moja usifungue mlango wa pili.

Uvumi huu haukutoka hewani, na sipendi kuwabeza waliouamini. Chotara wa paka wa nyumbani na paka wa mwituni wapo kweli, ila si wa chui. Mwaka 1963 Jean Mill wa Marekani alimpata mtoto wa paka wa nyumbani na paka mdogo wa mwituni wa bara la Asia, na kazi aliyoiendeleza miaka ya 1980 ikazaa mbegu inayoitwa Bengal. Yule paka wa Asia ana kilo chache tu, lakini jina lake la Kiingereza limebeba neno chui kwa ajili ya madoa yake. Mtu akilitafsiri upesi upesi kwa Kiswahili anapata sentensi inayosema Bengal ni mtoto wa chui, na sentensi hiyo ikishatoka haikamatiki tena. Mbegu nyingine, Savannah, ilianza mwaka 1986 huko Pennsylvania kwa kumchanganya paka wa Siam na mondo, mondo huyuhuyu wa nyika zetu. Madume wa vizazi vya mwanzo vya machotara hawa kwa kawaida hawazai, jambo linaloonyesha hata hao wa karibu wamefika mpakani.

Majina nayo yanapotosha. Ocicat ana madoa ya duara yaliyopangika vizuri kuliko paka yeyote wa nyumbani, na jina lake limetoholewa kutoka kwa paka mwitu wa Amerika, ilhali hana tone la damu ya mwituni: alizaliwa Michigan mwaka 1964 kutokana na paka wa Siam na wa Kihabeshi. Na yupo paka anayeitwa Serengeti. Ana madoa, masikio makubwa, miguu mirefu. Wazazi wake hawakuwahi kunywa maji ya mto Grumeti huko Serengeti. Alianzishwa California mwaka 1994 na Karen Sausman, kwa kuwachanganya Bengal na paka wa kundi la Siam, ili afanane na mondo. Watanzania wanaomwona mtandaoni na kudhani ni wa kwao wana haki ya kudhani hivyo, maana jina ni lao. Paka si wao.

Sokoke ndiye kinyume cha Serengeti. Hakuna aliyekaa chini akampanga. Alikuwepo.

Arabuko-Sokoke ni msitu wa kaunti ya Kilifi, kati ya mji wa Kilifi na Malindi, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na una wanyama ambao ukiwakosa hapo utawatafuta sana: sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1966, ambaye nje ya hapo anajulikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kwa kuwa paka naye ana jina la Sokoke, watu humweka kwenye orodha hiyohiyo ya viumbe wa msituni. Hayumo. Bundi ni wa msitu kwa asili yake, paka alipewa jina la msitu na binadamu.

Ilikuwa mwaka 1978. Jeni Slater, mkazi wa Kenya aliyekuwa na shamba la minazi pembezoni mwa msitu, alikuta paka na watoto wake shambani, rangi zao hazifanani na za shume aliowazoea. Akachukua wawili, jike na dume, akawalea kwa mkono. Akawaita Jenny na Mzuri. Walipokua wakazaa watoto wenye nakshi ileile, na hapo ndipo alipotambua kwamba si bahati ya mara moja. Rafiki yake Gloria Moeldrup, Mdenmark, alichukua paka wa uzao huo akaenda nao Denmark, na mwaka 1984 wakaonyeshwa Copenhagen. Mwanzoni waliitwa tu paka wa Afrika wenye manyoya mafupi. Baadaye likaja jina la Sokoke, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya paka, likawakubali kuwa mbegu rasmi.

Hadithi nyingi huishia hapo, kana kwamba paka alianza siku alipoonekana na mtu mwenye kamera. Wagiriama walikuwa na jina lake. Mtu hampi jina kiumbe ambaye hajawahi kumwona.

Tukirudi nyuma zaidi, tunafika baharini. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliopima vinasaba vya paka zaidi ya 1,100: wa mitaani kutoka mahali 17, na wa mbegu 22. Vipimo vilimweka Sokoke pamoja na paka wa kawaida wa Kenya, jamaa wa hao wanaolala kwenye baraza za Lamu na Pate. Kwa lugha ya nyumbani, ukitaka kumwona binamu wa Sokoke huna haja ya kuingia msituni na tochi. Nenda gati la Lamu wakati mashua za samaki zinaingia.

Na paka wa Lamu walifikaje Lamu? Watembezaji wageni hupenda kusimulia kuwa ni wajukuu wa paka wa mafarao, kwa kuwa ni wembamba na shingo ndefu kama wale waliochorwa makaburini Misri. Ni hadithi tamu, na wembamba wa paka kwenye nchi ya joto hauhitaji farao kuueleza. Ninachokiona mimi ni majahazi. Chombo kilichobeba nafaka kilibeba panya, na nahodha mwenye akili alibeba paka. Mifupa ya panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, imepatikana katika matabaka ya kale ya Unguja Ukuu, na panya hakuogelea. Pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, miaka mia baada ya miaka mia, na kila msimu paka fulani aliamua kutopanda tena. Walikuta miji iliyowapenda. Pwani ya Waislamu haimfukuzi paka msikitini. Sahaba anayenukuliwa kwa hadithi nyingi kuliko wote anajulikana kwa lakabu ya Abu Huraira, baba wa kipaka.

Kuna alama ndogo ya safari hizo ndani ya Sokoke wenyewe. Mara chache huzaliwa mmoja mweupe mwenye uso, masikio na miguu ya rangi nzito, kama paka wa Siam. Jeni hiyo asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Hahesabiwi kwenye maonyesho, kwa sababu kanuni za mbegu zinataka mabaka ya kahawia, lakini mimi ndiye ningependa kumwona zaidi. Amebeba Bahari ya Hindi usoni.

Sasa neno nadra. Sokoke anatajwa miongoni mwa mbegu adimu kuliko zote, na watu husikia adimu wakaelewa anatoweka. Si maana yake. Spishi yake, paka wa nyumbani, imejaa kila kichochoro. Adimu ni walioandikwa kwenye daftari. Mbegu nzima ilijengwa juu ya paka wachache mno, na ukiwa na kijiji cha nyumba mbili, baada ya muda kila ndoa ni ya ndugu. Watoto hudhoofika, magonjwa ya kurithi hujitokeza. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 paka wengine walichukuliwa kutoka eneo lilelile la pwani, wakapelekwa Marekani na Ulaya kuongeza damu mpya. Wafugaji hutofautisha mpaka leo ukoo wa zamani na ukoo mpya. Kwa hiyo daftari la huko linaihitaji pwani hii, na jambo hilo lingetajwa mara nyingi zaidi ningefurahi.

Kuhusu tabia sina mengi. Wanaowafuga husema Sokoke hushikamana sana na watu wake na wenzake, huzungumza kutwa, hupanda chochote kinachopandika, na mama hukaa na watoto wake muda mrefu kuliko paka wengi. Ukali wa chui unaotajwa kwenye uvumi sijauona kwa yeyote.

Ninachohofia ni wanaouza na wanaotega. Mtu akikuletea Sokoke kwa bei ya mamilioni, muulize karatasi ya nasaba kutoka chama kinachotambulika. Bila karatasi, unauziwa paka wa Malindi, ambaye majirani wa Malindi wangekupa bure na kukushukuru. Akikuletea mtoto wa mondo na kumwita Sokoke mkubwa, hilo ni kosa la jinai: Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ina yake ya mwaka 2009, na zote zinakataza kumweka mnyama wa mwituni bila kibali. Na zile picha za usiku zenye kichwa kuwa Sokoke amenaswa msituni, nyingi nilizoletewa ni za kanu: madoa madogo meusi, mkia mrefu wenye pete, pua iliyochongoka. Kanu hata hayumo kwenye ukoo wa paka. Mtego uliotegwa kwa ajili ya paka wa dola utamnasa yeye, au yule sange wa dhahabu, na sange huyo ndiye hasa asiye na pengine pa kwenda.

Kijana wa bodaboda alitaka jibu fupi. Nilimwambia paka wa mama yake kwa daftari si Sokoke, kwa kuwa hakuna aliyeandika wazazi wake. Kwa damu huenda ni binamu wa Jenny na Mzuri, kama walivyo mamia ya wengine kutoka Mtwapa hadi Pate. Hakuridhika sana, alikuwa amesikia bei.

Yule jike wa Gede alikuwa na watoto watatu chini ya rundo la makumbi. Nilipoondoka walikuwa wametoka kunyonya. Mmoja alikuwa na mabaka ya mama yake, bado yameungana kwa manyoya ya uchanga. Wawili walikuwa na milia ya miiba ya samaki, kama paka yeyote wa mtaani. Mama aliwalamba wote kwa zamu, na mwenye nyumba alikuwa ameshaahidi mmoja kwa jirani mwenye ghala la mahindi.